Jiwe la Papa Lilikuwa na Minyoo

Daktari aliyemtoa Papa, baba yetu, mtoto wa jicho alimkataza jambo moja tu: maji yasimguse usoni mpaka atakapomruhusu. Alilisema haraka haraka huku akivua glavu, kama mtu anayekataza kitu kidogo. Hakujua kwamba anaongea na mzee ambaye hajaacha swala tangu utotoni, na ambaye akitawadha anamaliza maji mengi kuliko tunayopikia nyumba nzima.

Sisi ni Waislamu wa Goma. Babu zetu walitoka Maniema na biashara zao, wakanogewa na mji huu, wakabaki. Papa aliendesha lori la samaki kwa miaka mingi, kutoka Vitshumbi ziwani hadi soko la Birere, na kila aliposimama njiani kuongeza maji kwenye rejeta alisimama pia kusali. Kwa hiyo siku ile, akiwa na pamba juu ya jicho moja, alirudi nyumbani kwetu, mtaa wa Murara, amenuna.

"Sasa nitasali je?" aliniuliza. "Na uso kavu?"

"Papa, si kuna tayamamu?"

Alikuwa anajua. Mtu asiyeweza kugusa maji anapiga viganja juu ya udongo safi, anapangusa uso na mikono, kisha anasali. Tatizo la Papa lilikuwa udongo wenyewe. Vumbi la Goma hakuliamini, alisema limekanyagwa na kila mtu na kila mbuzi. Akajaribu jiwe jeusi la volkano, maana hapa kwetu ukianguka popote unaangukia jiwe la volkano, likamchuna kiganja. Ndipo akakumbuka jiwe lake.

Jiwe lile lilikaa salo, sebuleni kwetu, juu ya kabati la vyombo tunaloliita bufe, tangu mimi mdogo. Lilikuwa na urefu wa kiganja, rangi ya kahawa yenye maziwa mengi, nene katikati na jembamba upande mmoja, laini mpaka ukilishika hutaki kuliachia. Papa alilipata enzi za lori. Gari lilizama kwenye tope karibu na ziwa kule Vitshumbi, wakachimba kuokoa gurudumu, jembe likalitoa. Kutoka siku hiyo akawa na hadithi yake kwa kila mgeni. Kwa mmoja lilikuwa pembe ya tembo iliyogeuka jiwe. Kwa mwingine lilikuwa kipande cha nyota. Padri mmoja jirani aliwahi kuambiwa kwamba ni yai la ndege ambaye hayupo tena duniani, akalishika kwa mikono miwili kwa heshima.

Papa alianza kutayamamu kwa jiwe hilo, mara tano kwa siku, na baada ya siku chache akatangaza jambo la ajabu.

"Mama," alimwambia mama yetu mezani, "uso wangu uko na nuru. Unaiona?"

Tuliangalia. Ilikuwa kweli. Paji la uso la Papa lilikuwa linang'aa kama la bwana harusi. Mama aliinamisha kichwa kwenye sahani yake na kusema kwamba Mungu ni mkubwa, na mimi sikuwaza zaidi.

Wakati huohuo mdogo wangu wa kike alikuwa na mchumba. Alikuwa kijana mrefu, wazazi wake watu wa Kindu, msaidizi wa mwalimu chuo kikuu. Alikuwa hajawahi kukanyaga kwetu. Mdogo wangu alimwandaa kwa wiki nzima: asalimie hivi, aketi hapa, asimalize nyama yote, na juu ya yote, Papa akiuliza swali ajibu moja kwa moja, kwa sababu Papa hapendi mtu wa kuzungukazunguka. Nadhani ushauri huo wa mwisho ndio uliotuponza.

Alikuja siku ya Jumapili mchana na sukari, kitenge cha Mama na viatu vilivyong'arishwa ambavyo mawe ya uwanja wetu yalikuwa yameshaviharibu kabla hajafika mlangoni. Mama alikuwa amepika pilau. Papa aliketi kwenye kiti chake, jicho moja limefungwa, akamkagua kwa lile lililobaki.

"Unasomesha nini kule?"

"Mawe, Papa."

"Mawe."

"Ndiyo, Papa. Jeolojia."

"Banakulipa juu ya kuonyesha batu mawe? Hapa Goma?" Papa alimgeukia Mama kama anayeomba shahidi. "Hapa hata mbuzi anajua mawe."

Mchumba alicheka kwa adabu. Papa hakucheka. Alimwagiza mdogo wangu alete jiwe kutoka kwenye bufe, akaliweka kwenye mikono ya kijana.

"Basi niambie, hii ni nini?"

Kuanzia hapo niliona mtu akisahau yuko wapi. Kijana alisimama. Alilipeleka dirishani, akaligeuza, akapitisha kidole kwenye kijimkunjo cha ncha nyembamba, akalisogeza machoni mpaka likagusa pua. Kisha, mbele ya baba mkwe, mama mkwe na pilau, akatoa ulimi akalilamba.

Mama alisema, "Yee!"

Mdogo wangu alijifunika uso na mtandio.

"Samahani, Mama, ni kazi," kijana alisema, macho yanawaka. "Jiwe yenye iko na mfupa ama kitu ya mwili, inanata kidogo kwa ulimi. Papa! Hii ni kitu kubwa. Hii haikukuwa jiwe mwanzo. Hii ni mavi."

Nimefanya kazi ya labo, kupima damu na choo cha wagonjwa, miaka mingi na nimesikia neno hilo kila siku, lakini sijawahi kulisikia likitua mahali kama lilivyotua pale. Hata jirani aliyekuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, nyuma ya ukuta, nadhani aliacha mchi hewani.

"Mavi," alisema Papa.

"Ya zamani sana, Papa. Mamba, kwa vile ninaona. Ona hapa, hii vipande bidogo ni magamba ya samaki. Mamba alikula samaki, akakunya, tope ikafunika, ikageuka jiwe."

"Kama ni mavi," Mama aliuliza taratibu, "juu ya nini umelamba?"

Kijana alilifuta jiwe kwa shati lake. "Mama, ni ya zamani," alisema tena.

Papa alinyoosha mkono, akalipokea jiwe lake, akaliweka magotini. Mimi nilijua anachofikiria, maana nilikuwa naangalia paji lake la uso linalong'aa. Swala tano kwa siku, na kila mara amepangusa uso kwa kitu hicho.

"Mugeni hafukuzwi akiwa na njaa," alisema mwishowe. "Atakula. Kisha ataenda."

Kijana alikula pilau yote, sisi tumekaa tunamtazama, na alipomaliza aliondoka akisahau mwavuli wake. Mdogo wangu alilia mpaka jioni. Alikuwa analia, anacheka, analia tena. "Dada, kwa nini alilamba?" alikuwa akiniuliza. "Kati ya vitu vyote vya kufanya duniani!"

Asubuhi yake Papa alinifuata kwenye nyumba yangu ya nyuma, maana ninakaa uwanja mmoja na wazazi. Alikuwa amevaa kofia na kanzu ya Ijumaa ilhali ilikuwa Jumatatu. Alitaka nimsindikize kwa shehe wetu. Wamesoma Kurani pamoja tangu wadogo, na asubuhi shehe huyo anauza vitambaa Birere, kwa hiyo tulimkuta ameketi katikati ya majora yake, tasbihi mkononi.

Papa alieleza yote. Alieleza daktari, jicho, vumbi, jiwe, mchumba na ulimi. Shehe alisikiliza kwa uso wa mtu anayejizuia.

"Iko na harufu?" aliuliza.

"Hapana."

"Ukishika inachafua mikono?"

"Hapana. Ni jiwe. Ni laini. Tena inang'aa."

"Inang'aa je? Iko na vumbi juu yake?"

Papa alisita. "Kwa nyumba yangu? Mama anaipangusa kila asubuhi."

"Anaipangusa na nini?"

Papa alinigeukia. Mimi nilikuwa nimekwisha kuelewa, na nilitamani kujificha nyuma ya majora ya vitambaa. Ilibidi niseme. Mama alikuwa anapangusa bufe na kila kilichokuwa juu yake, na lile jiwe, kwa kuwa Papa analipenda, alilipaka na mafuta yake ya nazi, yale ya kujipaka baada ya kuoga, ili lipendeze kwa wageni.

Shehe aliangalia paji la uso la Papa. Aliliangalia kwa makini. Kisha akacheka mpaka kofia ikaanguka kwenye vitambaa, na mteja aliyekuwa anapima kitenge mlangoni akaanza kucheka pia bila kujua kinachochekwa.

"Nuru," Papa alisema kwa sauti ndogo.

"Ndugu yangu, usikasirike," shehe alisema alipopata pumzi. "Lakini siwezi kutoa neno juu ya kitu sijui ni nini. Yule kijana anaweza kuwa mutu wa kusema tu. Huyu mutoto wako kazi yake si ni kupima mavi? Apime. Kisha murudi, tuongee."

Hivyo ndivyo nilivyopata kazi ya kuamua kama jiwe ni jiwe. Nilipomweleza mdogo wangu alikimbilia simu, na mchumba akarudi siku ya pili yake, safari hii bila sukari wala kitenge, akiwa na kichupa cha asidi kwenye mfuko. Papa alikubali aingie kwa sharti kwamba mikono na ulimi wake vikae mbali na bufe.

Alinieleza jambo ambalo sikuwahi kulisikia nilipofundishwa kazi. Mavi yanapogeuka jiwe, alisema, kila kilichokuwa ndani kinaweza kubaki: magamba, mifupa, na hata mayai ya minyoo, kwa sababu ganda la yai la mnyoo ni gumu kuliko tunavyodhani. Watu wameyakuta katika mavi ya wanyama walioishi kabla ya kuwapo binadamu.

"Kama dada anakuta mayai ya minyoo katikati ya jiwe," alimwambia Papa, "ile ni ushahidi. Minyoo haiishi ndani ya jiwe. Inaishi ndani ya tumbo."

"Na kama hakuna minyoo?"

"Basi inaweza kuwa mavi ya mamba muzima, asiyekuwa na minyoo, Papa."

Papa hakulipenda jibu hilo hata kidogo.

Kuvunja kipande kulikuwa shida nyingine. Papa hakutaka kuona nyundo. Tukapatana kwamba kitatoka kipande kisichozidi punje ya haragwe, kutoka ndani, mahali ambapo jiwe lilikuwa na ufa. Papa alilishika mwenyewe, akasema bismillahi, akafunga na lile jicho lililobaki. Kijana aligonga mara moja. Papa aliruka kama aliyegongwa yeye.

Labo yangu iko kwenye kituo kidogo cha afya. Ina dirisha moja, meza moja, mikroskopi ambayo ninailinda kuliko mkoba wangu, na mashine ya kuzungusha mirija kwa mkono, kwa kuwa umeme wa Goma una mambo yake. Nilisubiri wagonjwa wapungue. Papa alikataa kubaki nyumbani. Aliketi kwenye benchi la nje kati ya akina mama wenye watoto, pamba jichoni, jiwe limefungwa kwenye leso.

"Muzee, unaumwa nini?" nilisikia mama mmoja akimuuliza.

"Mimi siumwi. Tunangojea rezilta, majibu ya jiwe yangu."

Mama yule alihamisha mtoto wake akaketi mbali kidogo.

Nilikiosha kipande kwa nje, nikakichoma kidogo kwenye moto ili kisiwe na uchafu wa mikono yetu, nikakiweka kwenye asidi. Kilianza kutoa mapovu. Kijana alikuwa nyuma ya bega langu, anapumua kama mtu anayeangalia penalti. Jiwe liliyeyuka polepole, likaacha tope jepesi chini ya mrija. Nilisafisha lile tope kwa maji, nikalizungusha kwa mashine mpaka mkono ukachoka, nikaweka tone kwenye kioo.

Mwanzoni niliona mchanga. Kisha vipande vyembamba vinavyong'aa, magamba ya samaki kama alivyosema. Nilisogeza kioo kidogo, nikasogeza tena. Ninapotafuta minyoo kwa wagonjwa natamani nisiikute, kwa huruma. Siku ile nilitamani nisiikute kwa ajili ya Papa, na kwa upande mwingine wa moyo nilitamani niikute kwa ajili ya mdogo wangu. Ndipo yai likaingia lenyewe katikati ya duara la mwanga: kahawia, mviringo mrefu kidogo, ganda nene lenye vinundu.

Nilitoa jicho. Nikalirudisha. Yai lilikuwa bado pale.

Yai la namna ile ninaliona kila wiki. Ninalijua kama ninavyojua sufuria zangu. Halikuwa sawasawa na yale ya minyoo ya watu, lilikuwa kubwa kidogo na vinundu vyake vilikaa kwa mpango mwingine, lakini ulikuwa ukoo ule ule, kama unavyoona mtoto asiyemjua sokoni ukasema huyu lazima ni wa nyumba fulani. Mnyoo fulani alilitaga ndani ya tumbo la mamba fulani, mamba akala samaki wake akaenda zake, na huku kote Goma haikuwapo, barabara haikuwapo, wala mtu wa kuiita Goma. Nywele za mikono yangu zilisimama.

"Iko negatif?" Papa aliuliza. Alikuwa amesimama mlangoni, na sauti yake ilikuwa ile ile ya wagonjwa wote.

"Papa, iko pozitif. Mayai iko."

"Rudia."

Wagonjwa wote wanasema hivyo. Nikarudia. Kioo kipya, tone jipya. Nikakuta jingine, limejikunja upande mmoja.

"Pengine ni minyoo ya batu yako ya Murara," Papa alisema. "Hapa ndani mavi ya batu inapita kila siku. Moja imeruka ikaingia."

Lilikuwa swali zuri, nikamwambia hivyo, akafurahi kidogo. Nilipima maji tuliyotumia peke yake: hakuna kitu. Nilipima asidi, nikapima vumbi la meza: hakuna. Kisha nikamwita aje aangalie mwenyewe. Papa amenijengea jina mtaani kwa miaka yote hiyo kwamba binti yake anaangalia magonjwa kwa mashine, lakini hakuwahi kuweka jicho lake pale. Aliinama. Ilibidi nimwonyeshe namna ya kutokusukuma pamba ya jicho lingine.

"Njo yai hii? Hii kama tunda mudogo?"

"Njo hiyo, Papa."

Alibaki ameinama kwa muda mrefu. Kijana alitaka kuanza kueleza miaka, milioni na nini, nikamkanyaga mguu.

"Masikini," Papa alisema. "Kumbe na mamba alikuwa anaumwa tumbo."

Hatukujua kama tunaruhusiwa kucheka. Papa aliinuka, jicho lake limelowa machozi, sijui ya huruma au ya mwanga. "Hakuna mutu wa kumupatia dawa," aliendelea. "Anakaa mule ndani ya maji, tumbo inamukata, anakula samaki, minyoo inakula ile samaki. Kisha batu wanasema mamba iko mukali. Wewe na minyoo ungekuwa je?"

Kuanzia saa hiyo Papa hakuwa tena upande wa jiwe. Alikuwa upande wa mamba.

Nyumbani, Mama alisikia neno moja tu katika habari yote hiyo, nalo ni "pozitif". Alivaa viatu akaenda duka la dawa, na tulipoketi salo alikuwa amerudi na vidonge vya minyoo vya watu wote. Alitugawia mmoja mmoja na kikombe cha maji. Papa alimeza. Mdogo wangu alimeza. Mimi ni mtu wa labo na nilijua upumbavu wa jambo lenyewe, nikameza pia, kwa kuwa ninamjua Mama. Kisha akafika kwa mchumba.

"Mama, yale mayai ishakuwa jiwe," kijana alisema kwa upole. "Haiwezi kuzaa. Hata mutu akikula sahani muzima haiwezi kumufanya kitu."

"Ulilamba ao haukulamba?"

"Nililamba, Mama."

"Basi meza. Wewe, mbili."

Aliangalia vidonge viwili kwenye kiganja. Nilimwona anatafuta hoja, anaipata, anaiangalia, anaiacha. Akameza vyote kwa mpigo na kurudisha kikombe kwa mikono miwili.

Papa alikuwa anamtazama. "Huyu anaweza kuoa," alimwambia Mama, kana kwamba kijana hayupo.

Tulirudi kwa shehe. Papa aliingia na habari kama mwanasheria: kwamba ni mavi, tena ya mamba, tena mgonjwa. Shehe hakucheka safari hii, au alijitahidi. Alisema wanazuoni wamehitilafiana. Wengine wanasema kitu kikigeuka kabisa umbo lake kinakuwa kitu kipya, na wengine hawakubali. Angeweza kufungua vitabu tukakaa mpaka Ramadhani.

"Lakini kwako hatuna haja ya kufika kule," alisema. "Sisi katika madhehebu yetu tunataka udongo wenye vumbi. Yako haikuwa na vumbi, ilikuwa na mafuta. Hata ingekuwa jiwe ya kawaida, haingefaa. Sali tena zile swala, polepole, bila kujitesa. Na mamba umuache, hana kosa."

"Kwa hiyo kosa si ya mamba," Papa alirudia, akitaka kuhakikisha.

"Si ya mamba."

Na huyu baba yangu, aliyekaa na mke wake miaka yote hiyo, alifika nyumbani akavuka kizingiti na kusema kwa sauti ya furaha, "Mama! Shehe amesema mamba hana kosa. Kosa ni ya mafuta yako!"

Mama alikuwa anachambua mchele. Aliweka ungo chini.

"Mimi na mamba," alisema, "unachagua mamba?"

Hakupiga kelele. Alifanya jambo baya zaidi: aliacha kupangusa. Siku iliyofuata hakugusa bufe, wala viti, wala televisheni, na wanaoijua Goma wakati wa kiangazi, na pikipiki zote zile barabarani, watajua hiyo maana yake nini. Baada ya siku chache ungeweza kuandika jina lako kwenye kila kitu. Papa alipotaka kusali, Mama alimwonyesha bufe kwa kidevu.

"Vumbi yako iko pale. Tayamamu."

Papa alitayamamu kwa vumbi la bufe, akapiga chafya katikati ya swala, akaanza upya. Mdogo wangu na mimi tulikuwa tunakimbilia nje kucheka. Ugomvi huo haukuisha kwa maneno. Uliisha daktari alipoifungua pamba na kuruhusu maji. Papa alirudi na jicho jipya, akasimama katikati ya salo akatazama huku na huku, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka ya ukungu akaona nyumba yake ilivyo. "Yee!" alisema. Akachukua kitambaa akaanza kupangusa mwenyewe, kuanzia juu ya televisheni, na Mama aliketi akamwelekeza pembe alizozisahau.

Mdogo wangu aliolewa miezi michache baadaye. Shehe ndiye aliyefungisha ndoa, na kila alipomtazama bwana harusi ilibidi akohoe kwanza.

Jiwe lilienda chuo kikuu. Papa hakulitoa kirahisi. Alilipeleka mwenyewe, kwenye leso, nyuma ya pikipiki, akahakikisha limewekwa kwenye kabati la kioo na pamba chini yake. Hakuridhika hapo. Sasa karibu kila mwezi anakwenda kulitazama, na mkwe wake humruhusu kuzungumza na wanafunzi. Nilimsindikiza mara moja. Vijana walikuwa wamejaa chumba, wengine wamekaa madirishani. Papa hakuwaambia habari za pembe wala nyota. Aliwaeleza lori, tope, gurudumu, kisha akaanza kuwaeleza mamba, jinsi alivyolala juu ya ukingo mchana, tumbo linamuuma, hana wa kumwambia. Aliuigiza uso wa mamba mwenye minyoo. Msichana mmoja wa mbele aliinua mkono akauliza alijuaje kwamba mamba aliumwa, kwani kuna wanyama wengi wenye minyoo ambao hawasikii chochote.

Papa alifikiri.

"Mutoto wangu," alimjibu, "wewe utazame ile jiwe vizuri. Mutu mwenye tumbo sawa hawezi kukunya kitu ngumu vile."

Chumba kizima kiliangua kicheko, mkwe wake akaficha uso kwenye makaratasi, na msichana yule akacheka kuliko wote. Papa alingoja wanyamaze, kisha akaendelea na habari ya samaki.